Mazishi Kabla ya Alasiri

Jumapili, 7 Septemba
Darasa la watu wazima, ukumbi wa kanisa, Ogembo. Kumi na mmoja: saba wetu, wanne wa msikitini. Somo: dharau tuliyo nayo kwa dini ya jirani bila kujijua. Nilifundisha vizuri. Ualimu wa miaka thelathini si mchezo. Mama Zuhura, muuza vitambaa, alileta sambusa. Ziliisha kabla hatujafungua daftari.

Jumanne, 9 Septemba
Mamake Mama Zuhura amefariki alfajiri. Mgusii mwenzetu, alisilimu alipoolewa. Kwetu matanga ni wiki nzima, pengine zaidi. Nimepanga na akina mama wa kanisa: twende Alhamisi na ndizi, sufuria kubwa, na kwaya iimbe kando ya jeneza.

Alhamisi, 11 Septemba
Hakukuwa na jeneza. Alizikwa Jumanne ile ile, kabla ya alasiri. Kwaya ilisimama uani na sare zake, haina wa kumwimbia. Niliona aibu, aibu ikageuka hasira. Nikasema, wote wakisikia, "Hata mbwa hazikwi haraka namna hii."

Mama Zuhura aliniangalia, akaingia ndani. Mimi, ninayefundisha watu wasidharau.

Jumapili, 14 Septemba
Wale wanne hawakuja. Hata mmoja. Mzee wa kanisa hakulipenda darasa tangu mwanzo. Leo alikuwa mpole kabisa. "Mwalimu, si tulikuambia hawa watu hawachanganyiki?" Amenipa Jumapili moja. Wasiporudi, darasa linafungwa.

Nilimchukia mchana kutwa. Lakini kuni nilimpa mimi. Ulimi hauna mfupa.

Jumatano, 17 Septemba
Nilipita mlango wa duka la Mama Zuhura mara mbili. Mara ya tatu nikaingia. Nikasema nilimkosea, basi. Sikutaja mila wala kwaya. Alimaliza kwanza kukunja kitambaa.

"Mwalimu, mama aliomba asicheleweshwe. Kumharakisha ndiyo heshima tuliyompa."

Duka lake liko ng'ambo ya barabara kutoka kwangu. Miaka yote hii sikuwahi kuuliza. Nimemwomba Jumapili afundishe yeye. Amesema ataona. Sina hamu ya chakula.

Jumapili, 21 Septemba
Wamekuja wote wanne. Nilishusha pumzi kwa nguvu mpaka aliyeketi kando yangu akageuka kunitazama. Mama Zuhura alifundisha: kuosha maiti, sanda, sala, kaburi. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Mzee wa kanisa alisimama mlangoni, halafu akatafuta kiti.

Kisha Mama Zuhura akauliza kwa nini sisi hukawia kuzika. Alisema siku zote alidhani hatuna uchungu na wafu wetu. Watu wakacheka, yeye pia. Wakanigeukia nijibu.

Nilikuwa na jibu la kawaida, heshima na kusubiri ndugu wa mbali. Nililiacha. Nikawaambia kuhusu mume wangu. Alikaa mochari wiki tatu, ndugu zake wakigombania mahali pa kaburi. Nilikwenda kumtazama kila asubuhi. Nikasema kwamba tangu siku ya kwanza nilitamani azikwe, nipumzike, naye apumzike. Sijawahi kumwambia mtu. Hata mwanangu.

Hakuna aliyecheka. Mama Zuhura alikuja nyuma, akaketi karibu yangu. Kisha mtu akauliza kuhusu sanda na somo likaendelea. Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimekula vizuri.