Makato ya Kila Mwezi na Mkwe Aliyeondoka

Nyasura, Bunda

Mdogo wangu Daudi,

Pokea salamu za dada yako aliye mbali. Je, kifua chako kimepata nafuu? Na wifi yangu, mguu wake sasa unakanyaga vizuri? Mimi sina homa wala kikohozi, ila nina hasira. Nimeona niandike kuliko kupiga simu, maana kwenye simu ningefoka tu, nawe usingenielewa.

Unajua kwamba hapa kwa mwanangu Neema ninaishi kwa pensheni yangu ya ualimu. Miezi hii imekuwa ikipungua. Jumatatu nikaenda benki kuomba taarifa ya akaunti. Humo nikakuta kila mwezi, kwa miezi sita, makato ya kampuni ambayo sijapata kuisikia. Binti wa dirishani akaniambia, "Mama, hii ni huduma ya mtandaoni. Ulijiunga, inakata yenyewe."

"Nilijiunga lini?"

"Hapo siwezi kujua. Labda kuna mtu nyumbani anashikaga kadi yako."

Aliyewahi kuishika kadi yangu ni mmoja tu: Wambura, mume wa Neema. Nilirudi nikamkuta uani akitengeneza baiskeli. Nikasimama mbele yake na ile karatasi, nikamwambia, "Wambura, umeniibia."

Aligeuza uso, akaweka spana chini, akatoka, akapanda bodaboda kwenda kwa baba yake Nyamuswa.

Daudi, wewe hujui mila za huku. Mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni wala hawatajani majina. Kwa miaka minne nimekaa katika nyumba hii tukizungumza kwa kinywa cha Neema, Wambura akiwa uani, mimi chumbani. Nami nikayavunja yote kwa pumzi moja, majirani wakitazama.

Neema alilia, kisha akanieleza. Unakumbuka nilivyokwambia kwamba macho yananisumbua, nikanunua simu ya kunisomea magazeti kwa sauti? Wambura ndiye aliyeiandaa na kuiwekea programu ya kusoma. Alikuwa uani na kadi yangu, mimi ndani, na Neema akipeleka maneno huku na huku, ugali ukiwa motoni. Wambura alisema, "Mwambie mama wiki ya kwanza ni bure, baadaye watamkata kila mwezi. Aamue mwenyewe." Neema akaja mlangoni na mwiko mkononi: "Mama, anasema ni bure. Aendelee?" Nikasema aendelee.

Siku ya tatu niliifuta programu ile, kwa kuwa ilisoma Kiswahili kama mtu anayetafuna kokoto. Nilidhani kuifuta ndiko kujitoa. Sivyo. Watu wale huendelea kukukata hata kama hutumii chochote. Kuingia ni kubonyeza mara moja. Kutoka wamekuficha mahali ambapo hata karani wa benki alikutafuta nusu saa. Niliwaandikia. Wamenijibu kwa Kiingereza cha adabu kwamba nilikubali, kwa hiyo hawarudishi kitu. Huo ni wizi uliovaa tai. Kadi nimeifunga, nyingine nimeambiwa niifuate Musoma. Wale sitawasamehe.

Lakini Wambura hakuniibia, na leo ni siku ya tano. Nilimtuma Neema aniombee radhi. Baba mkwe wake akamjibu kwa upole, "Mwanangu, mama yako si mtu mbaya, lakini neno kama hili haliombewi radhi na mke. Aje mzee wa upande wenu aseme. Akishasema, mumeo atarudi siku hiyo hiyo." Tangu hapo Neema hali vizuri, nami hanijibu zaidi ya ndiyo na hapana. Siwezi kukaa nikila chakula katika nyumba niliyoivunja mwenyewe.

Upande wetu ni wewe tu. Panda basi mara upatapo barua hii. Nauli nitakurudishia.

Nisalimie wifi yangu na watoto wote. Mama mdogo mwambie dawa yake ya miguu nimeipata, utaibeba wewe ukirudi. Mzee wa kanisa, jirani yetu, naye apate salamu zangu.

Ukifika Nyamuswa, usinitetee. Usitaje benki, usitaje kampuni, na jina la Neema lisikutoke kabisa. Sema kwamba dada yako alimwita mtu mwaminifu mwizi, kisha nyamaza, uwaache waseme wanalotaka.

Ni mimi dada yako,
Eunice