Bango la Jikoni kwa Shangazi

Jumamosi, Kahama. Wingu limefunga tangu asubuhi na mvua haijashuka. Joto hili la kungojea mvua linanichosha kuliko jua lenyewe. Nimevua viatu vya kuazima, nimekaa kitandani, na bango langu limeegemea nyuma ya mlango likiwa limeviringishwa.

Leo kila mtu amenipongeza. Mimi sijisikii vizuri hata kidogo.

Ilikuwa siku yetu wanafunzi wa uzamili kuonyesha tafiti zetu. Kila mtu bango moja ukutani, dakika tatu za kujieleza, kisha wageni wanapita wakiangalia na kuuliza. Msimamizi wangu alishanionya: maneno machache, picha kubwa, mtu akiingia tu mlangoni imvute. Na picha ninayo. Ni jikoni kwa shangazi yangu, Mama Masanja, kule Segese. Jiko moja lina sufuria ya maharage. La pili, kando yake, lina kibati chenye donge la dhahabu iliyochanganyika na zebaki, linachomwa ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Moshi unapanda hapo hapo. Sura ya mtu haionekani, na kwa hilo nilijiona mjanja.

Kwetu hilo si jambo la ajabu. Wanawake wengi wanaoosha mchanga wa machimbo huchomea ndani, maana ukichomea nje mtaa mzima unajua umepata. Ila shangazi ana mgahawa. Jiko hilo ndilo linalolisha wachimbaji asubuhi na mchana, na ndilo lililonisomesha mimi baba alipofariki.

Nilichukua unga wake, maharage yaliyoiva na masizi ya kwenye mabati, nikapeleka maabara. Majibu yakaja mabaya. Zebaki imo kwenye chakula.

Tangu hapo sijala kwake. Mara namwambia nimefunga, mara tumbo linasumbua. Nilijiambia nitamweleza shangazi, msimamizi wangu akishayapitia matokeo. Akayapitia. Nikasema basi, nikishawasilisha. Ukweli ni kwamba naogopa, na uoga wangu nimeuvalisha suti ya taratibu za chuo.

Halafu leo shangazi akaja. Nilimwalika kwa adabu tu, sikutegemea afunge mgahawa siku ya Jumamosi. Akaingia ukumbini na kitenge kipya, hotipoti mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yameshafika ukutani.

"Kabula, hapo si kwangu?"

Alipatambua kwa mfuniko wa sufuria, ule wa bluu usio wa sufuria hiyo. Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Bango lote ni Kiingereza, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, limeandikwa kuwa sumu inapikwa pamoja na chakula. Akaniuliza pale juu pameandikwaje.

"Ni habari za wanawake wa Segese na kazi zao," nikamwambia.

Maneno yalitoka bila shida.

Zamu yangu ilipofika nilieleza kwa Kiingereza, sikukwama popote. Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko. Shangazi alipiga makofi kuliko wote. Kisha akasimama kando ya bango, akawa anawakaribisha wageni: "Hapa ni kwangu. Karibuni Segese, mtakula mshibe." Baba mmoja mwenye tai alisoma mpaka chini, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaenda zake bila kuuliza kitu. Afadhali angenisema.

Wakati wa kuondoka shangazi akaniomba bango. Anataka kulitundika mgahawani, wateja waone mtoto wetu amesoma. Nikaitikia sawa. Akaniachia hotipoti na kuniambia nimekonda, chuo kinanimaliza. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, shangazi, nikashindwa kumtazama.

Sasa hivi jioni amepiga simu. Kalenda ameshaitoa ukutani, pale mahali peupe panasubiri.

Wanaokula pale wamo walimu, wamo vijana wa mgodini wanaosoma Kiingereza. Nikilipeleka bila kusema kitu, atasomewa na mteja, mbele ya watu, sahani mkononi. Mgahawa utakufa siku hiyo hiyo. Nikimdanganya kwamba limechanika, ataendelea kuvuta ule moshi na kula kile chakula kila siku, yeye na watu wake. Na dawa yenyewe si kubwa hivyo. Jambo la kuanzia ni kuuondoa moto wa dhahabu jikoni, uende nje, mbali na watu na chakula. Maneno hayo ningeweza kumwambia siku yoyote, tukichambua mchele.

Nimewaambia watu wa ukumbi mzima kilichomo kwenye sufuria yake. Yeye bado hajui.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho naondoka mapema, nifike Segese kabla hajawasha jiko. Nitalitandika bango mezani na kumsomea mstari kwa mstari, kwa Kisukuma, lugha yake ya mambo mazito, ingawa changu ni kibovu, cha kusalimia na kuomba maji. Hata neno la zebaki kwa Kisukuma silijui. Nitalionyesha kwa kidole. Asipotaka kunisikiliza, nitakaa hapo hapo mpaka atake.

Nimefungua hotipoti. Wali, kuku, na pembeni michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyopikwa kwa karanga, kwa sababu anajua naipenda tangu utoto. Harufu imejaa chumba kizima na njaa ninayo. Nimefunika tena.

Kesho, kabla hata ya kuangalia bango, najua atakachoniuliza. Ataniuliza kama nilishiba.