Gunia Lililovuka Chaki

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Songea hatujambo, mdogo wako ameanza kutembea. Umeniuliza kwa nini ujumbe unaozidi nafasi yake humfungulia mwizi seva ya tovuti.

Miaka ya tisini, ghalani Nachingwea, mstari wa chaki ulitenga mizigo ya kukaa na ya kupakiwa. Kaka yangu Saidi alisema ana gunia moja. Karani akaamini, akampa nafasi ya gunia moja, hakukagua. Kumbe alileta mawili; la pili, mchele wa harusi yake ya kesho yake, likavuka chaki. Wapakiaji wakalipandisha lorini.

“Bwana harusi, pilau yako hiyo inakwenda Mtwara,” walimcheka, naye analifukuza kwa baiskeli.

Alilikuta kwenye kizuizi cha barabarani, pilau tukala. Lakini mwenye hila angevusha gunia makusudi. Programu nayo isipopima ujumbe, hutii kilichovuka kana kwamba ni amri yake, na mwizi akaingia, mjukuu wangu. Kagua kabla hujapokea.

Bibi yako