Sikuja Kufunikwa

Jumatano, 4 Juni

Bibi harusi wa Jumamosi alikuja saluni nimjaribie rangi za uso. Akavua miwani, nikaganda. Mabaka! Kwenye kope, pembe za mdomo, mpaka shingoni. Meupe pe, kama yangu ya mikono. Ila yangu hakuna anayeyajua zaidi ya mama. Kabla hakujakucha nishayapaka fandesheni namba saba, tabaka mbili, halafu blauzi ya mikono mirefu. Yeye anatembea nayo mchana kweupe!

Nikampa pole. Akacheka — pole ya nini? Kumbe kaja na mchumba, jitu refu, limejibana kwenye kiti cha wateja linamtazama tu, halichoki. Hapa hasomi mtu, naandika ukweli: nimeona kijicho. Kibaya.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeharibu. Nimemaliza kumpamba macho, akajitazama kwenye kioo.

"Dada, na baka langu la juu ya jicho umelipeleka wapi?"

Nikajifanya natafuta brashi.

"Nimekuja kupambwa, mwenzangu. Sikuja kufunikwa."

Kwa upole! Bora angenitukana. Nikafuta kwa pamba. Mwenye saluni nilimwambia mkono umezoea, ukiona jeupe unafunika. Uongo. Nilitaka japo kwa dakika moja awe kama mimi.

Halafu Lenzi! Mpiga picha wetu, na mpenzi wangu miezi minane sasa, hajawahi kuiona mikono yangu ilivyo. Alivyomzunguka yule bibi harusi! Geuka kidogo. Hapohapo! Usitikisike! Mimi huniambia tabasamu, basi.

Jumapili, 8 Juni

Lenzi kanitumia picha kumi na moja. Za harusi ya watu! Eti hajawahi kupiga ngozi nzuri kama ile. Nikajibu: sawa. Akauliza, umenuna? Nikazima simu.

Ninacho hichohicho anachokisifu. Ninacho! Na anasifia cha mwenzangu.

Jumanne, 10 Juni

Leo sina kazi. Nilikuwa uani nafua, mikono mitupu, povu hadi viwikoni — mara sauti ya Lenzi mlangoni! Hata taarifa hakutoa. Nikakimbilia chumbani, nikafunga kwa ufunguo. Namsikia anamlalamikia mama: mwanao kaninunia, sijui nimekosa nini. Mama anacheka tu. Na mimi naandika badala ya kupaka mikono.

Nimepaka wa kushoto. Wa kulia bado.

Maji yanamwagika uani. Huyu anafanya nini? Anasuuza nguo zangu! Eti nisipate kisingizio cha kujificha.

Kaacha kusuuza.

Sasa anamuuliza mama, mbona blauzi zote hizi zina rangi ya kahawia ndani ya mikono, na haitoki?

Mama hacheki tena. Anasema: muulize mwenyewe, mwanangu.

Ananiita. Si kwa utani — kwa jina langu. Wa kulia bado.