Meno Mawili Mazima

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Manzese tunaamka, ingawa mgongo unanidai mapumziko. Msalimie bibi yako.

Umeniuliza kama Jumatatu ukubali kung'olewa jino, maana taya linauma hadi sikioni na linalia ukipanua mdomo. Mama, ngoja kwanza.

Ujanani, nilipoanza useremala wa kutengeneza vitanda, maumivu hayohayo yalinishika. Niling'oa jino, maumivu yakabaki. Nikang'oa la pili, bado. Siku naaga kwenda kung'oa la tatu, fundi mwenzangu Shomari akanizuia mlangoni.

"We, misumari unaibana mdomoni kutwa, ukipiga randa unasaga meno. Jino limekukosea nini?"

Nilikasirika, lakini sikwenda. Nikahamishia misumari kwenye kopo, nikajifunza kulilegeza taya, nikalikanda kwa kitambaa cha moto, nikala vyakula laini. Maumivu yalipungua polepole. Hata leo nikiwa na mawazo yanarudi.

Bibi yako anasema unasaga meno usingizini tangu uanze kungoja matokeo ya mtihani. Mwambie daktari hilo, alipime taya kabla hajagusa jino.

Lile la tatu ndilo ninalotafunia mpaka leo.

Babu yako