Mkeka wa Mwali na Kabati la Ndege

Mchafukoge,
Dar es Salaam

Kwa mdogo wangu Somoe, wa tumbo moja na ziwa moja,

Assalaam aleikum. Goti linasemaje? Na macho? Usinijibu "yapo tu". Hiyo "yapo tu" yako naijua tangu utoto; ulipoanguka kwenye mkorosho ukavunjika mkono, ulisema hivyo hivyo. Nataka kujua kama mtu akisimama mlangoni unamtambua, au mpaka aseme. Mimi mzima. Ngazi za hapa kwa mwanangu Hamisi zinanitoa roho, ghorofa ya tatu si mchezo, lakini napanda. Hamisi mzima, duka lake la vitenge pale Kariakoo linaenda, mkewe mzima.

Anayeandika ni mwali mwenyewe, mjukuu wetu Rehema, katoka fungate juzi. Kalamu mimi sijapata kuishika, wajua. Nasema, yeye anaandika, na nimemwapiza asinitengenezee maneno. Nikitukana aandike tusi. Anacheka hapa. Mwache acheke, mkono uende.

Sasa kaa, na anayekusomea asome pole pole. Nilipokupigia simu nilisema mkeka umefika, nikakata. Kufika umefika. Ulivyofika ndiyo sikusema, kwa sababu simu yako unaifungulia sauti mpaka muuza maji barabarani anaitikia, na kwa sababu hasira niliyokuwa nayo ingekula vocha yote ya Hamisi na bado isiishe.

Unakumbuka siku naondoka Mikindani. Mkeka umeusuka masika yote, ukili kwa ukili, utepe kwa utepe wa ukindu, kwa vidole, maana macho yamekwisha kukukatalia. Ukauviringisha, ukaufukiza udi, ukauvika bafta jeupe usipate vumbi. Ukaniambia, "Dada, usiukunje, usiufungue. Wa kwanza kuukalia awe mwali." Nikakuapia. Na lau barabara isingeliwa na mvua ningekuja nao kwa basi, nimeupakata kama mtoto, na barua hii usingeipata.

Ndege niliyokuja nayo huko ilikuwa pana. Niliyatazama yale makabati ya juu, nikasema moyoni, hapa mkeka wa Somoe unalala na mwenzake. Kumbe ya kurudia ni nyingine! Nyembamba, injini mbili zimebandikwa nyuma kama vikapu vya punda. Ndani upande huu kiti kimoja, upande ule viwili, na njia ya katikati mtu mzima mwenye makalio yake anapita kwa ubavu. Kabati la juu? Tanuri la mkate lina nafasi zaidi. Na yule binti wa kaunta alinitazama na mkeka wangu, akaniambia, "Ingia nao tu bibi, makabati yapo." Yapo! Kama macho yako, yapo tu.

Basi nimeingia. Makabati yamejaa. Mama mmoja ana boksi la korosho kaligonga mpaka likakubali. Baba mmoja wa tai ana begi la magurudumu, kalisukuma likabaki limetoa mguu nje, mlango haufungi. Mhudumu anamwomba alishushe liende kwenye tumbo la ndege na mizigo mingine. "Hili nimepanda nalo ndege zote," anasema, "lina vitu vya ofisi, halishuki." Mhudumu akanigeukia mimi. "Bibi, na huo mkeka hauna pa kukaa. Tuukunje au ushuke."

Tuukunje! Nikamwambia, mwanangu, kunja hilo begi kwanza.

Nimesimama pale, buibui jeusi, bafta jeupe mkononi, udi umejaa ndege nzima, na machozi yananitoka. Unanijua, mimi silii kwa huzuni, nalia kwa hasira. Akatokea mzee mmoja wa kofia, kiti cha mbele. Akanitazama mimi, akautazama mkeka, akasimama. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana dada yangu."

Mdomo una mazoea yake, Somoe. Nikajibu, "Nimeshapoa."

Ee! Mama wa korosho akaruka. "Jamani, mama wa watu ana msiba! Shusheni mabegi!" Na yeye mwenyewe akalivuta boksi lake akalipakata. Baba wa tai, yule asiyeshusha, akalishusha begi lake bila kuambiwa mara ya pili, akalibana katikati ya miguu, magoti yamemfika kidevuni. Safu tatu wakatoa kila kitu. Kumbe lile kabati juu halina ukuta katikati, ni milango tu. Wakaupokea mkeka wako kwa mikono miwili miwili, bismillahi, wakaulaza ndani umenyooka kama ulizaliwa humo. Mhudumu akafunga milango taratibu, akaweka mkono kifuani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wameona mkeka, wameona bafta kama la sanda, wamenusa udi. Wanadhani naenda kuzika. Nami shetani akaniambia, nyamaza, binti Salum, ndege ikipaa yameisha.

Nami ningenyamaza. Lakini mzee wa kofia akageuka, kafungua viganja. "Marehemu anaitwa nani, tumsomee Fatiha?"

Niseme nini? Mkeka una jina moja tu. Nikaliona jina la Rehema limesimama kwenye ulimi, na ndege nzima imefungua viganja inalingoja. Mwali wangu asomewe ya maiti kwa ajili ya kabati? Nikasema kwa sauti ile yangu ya kufukuzia mbuzi, "Anaitwa Rehema na hajafa! Anaolewa Ijumaa! Huu mkeka wa mwali!"

Halafu mtu nyuma akacheka.

"Kumbe harusi?" anasema baba wa tai. "Sasa mama, si ungesema?"

"Hukuniuliza. Mmenipa pole, nikapokea. Pole hairudishwi."

"Hongera basi," anasema, na huku anasimama. "Naomba nirudishe begi langu."

Akafungua kabati, Somoe. Mbele ya macho yangu. Mama wa korosho aliona haya, alitazama dirishani, lakini haya hazikumzuia kurudisha boksi. Dakika ile ile kabati zima likarudi kuwa la mabegi, na mkeka wako uko mikononi mwangu tena. Mhudumu ananiambia, "Samahani bibi, itabidi ushuke chini."

"Sasa hivi si ulikuwa umekaa vizuri?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani wa maiti. Je, umerefuka?"

Alikuwa binti wa watu, sura nzuri, wala si yeye aliyeitengeneza ndege. Lakini abiria huko nyuma wakaanza, "Bibi, tunachelewa! Bibi, mkeka tu huo!" Mzee wa kofia peke yake alisema, nipeni niupakate mimi. Tukajaribu. Ukaziba njia, wakasema sheria haitaki. Nikautoa. Nikamwambia kijana wa mizigo pale mlangoni, "Ulaze, usiusimamishe, usiukunje, ni wa mwali." Akasema, "Ndiyo bibi." Kila mtu siku ile alikuwa akiniambia ndiyo bibi.

Na kiti nacho! Kiti kimeundwa kwa mtu asiye na mapaja. Wa mbele yangu akajilaza, kichwa chake kimenijia hapa, ningeweza kumsaka chawa. Njia nzima nimekaa nimekunjwa mimi mwenyewe, nawaza, kama sisi wenye viti tumekunjwa hivi, huko chini mkeka utapona?

Haukupona. Uwanjani Dar ulitoka umekunjwa katikati, umefungwa kamba, juu yake maboksi. Nilipomfungulia Hamisi bafta nilisikia ukindu ukilia. Kili tatu za katikati, pale ulipotia wekundu na zambarau, zimekatika. Hamisi akasema, "Mama, tumshitaki nani?" Nikamwambia nipeleke nyumbani kabla sijamkamata mtu koo.

Kesho yake nikashuka Kariakoo nao kichwani. Mikeka hapa imejaa, yote ya plastiki. Kijana mmoja ananiambia, "Shikamoo bibi. Wachana na huo, chukua huu, unakunja hata mara kumi, haudhuriki."

"Marahaba. Na wewe ukikunjwa mara kumi utabaki hivyo?"

"Ah, bibi wa moto!" wanacheka wote, wananionyesha njia. Nikamkuta mwanamke mtu mzima, Mmafia wa kisiwani, anauza mafagio na vikapu. Huyo anajua. Alipitisha kidole kwenye mshono wako, akaniuliza, "Aliyesuka yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Basi mimi sitii mkono. Huyu anavuta ukili kushoto kuliko sisi. Nikishona mimi kitakuwa kiraka. Mrudishie mwenyewe."

Nikarudi nao kichwani, ngazi zote zile.

Siku ya kumsinga Rehema ikafika. Wanawake wamejaa sebuleni, liwa na manukato mpaka kwa majirani. Tukautandika. Huwezi kuuficha mvunjiko, uko katikati kama mto. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa mdomo, akasema polepole ili wote wasikie, "Mkeka wa mwali umekunjwa. Huo si mkosi?"

Nikamwambia, "Mkosi ni ulimi wako. Mkeka huu umekataa kuitwa wa maiti, ndiyo maana umevunjika." Na nikawasimulia yote, kama ninavyokusimulia. Nilipofika kwa "pole hairudishwi" wakapiga vigelegele. Lakini somo yake Rehema, kungwi wake, ambaye ndiye mwenye kauli siku ile, bado aliuma mdomo. Akashauri tugeuze, mvunjiko ukae chini ya mto wa kulalia.

Hapo mwali akasema. Mwali asiyetakiwa kusema! Haya, Rehema, usiache kuandika sasa, andika maneno yako. Alisema, "Usigeuzwe. Nitakaa juu ya pale palipovunjika. Na asiushone mtu, mpaka bibi Somoe aje aushone." Akakaa. Na kila alipoinuka mkono wake ulikuwa umefunika zile kili tatu.

Sasa, mdogo wangu, nisikilize. Mwaka wa ngapi huu nakuita uje utazamwe macho, na jibu lako moja, "Mimi Mikindani nitatoka nimebebwa." Hilo neno lako nilipanda nalo ndege. Nimewaona kwa macho yangu wanavyompisha anayebebwa. Begi lililoshindikana kwa sheria lilishuka lenyewe. Mtu anayepumua akija, wanamwambia tunachelewa. Mimi sitaki uje kupewa nafasi ya namna ile. Sitaki watu wakushushie mabegi. Nataka uje ukiwa unalalamika, umebanwa goti, unamgombeza wa mbele yako asijilaze.

Jirani yetu wa chini, mama wa Kiarabu mwenye duka la viungo, alikuwa anapapasa ukuta akienda msalani. Daktari wa hapa mjini akamtoa mtoto wa jicho. Leo anatia uzi kwenye sindano, na ananichungulia nikipita kuona nimenunua nini. Hata wewe lako ni hilo hilo, nimemweleza daktari wake, akasema aletwe atazamwe. Hamisi ameshakubali. Kiti chako kitakuwa kile kimoja cha peke yake, dirishani, ugombane na ukuta tu. Barabara ikipona kabla, basi litakuwa bora, nami nitakuja kukuchukua mwenyewe. Lakini usiisubiri barabara kama unavyosubiri kila kitu.

Mkeka wako upo. Hatujaulaza chini ya kitanda, wala hatujauegemeza ukutani. Rehema kauweka juu ya kabati la nguo, umenyooka, umefunikwa kanga yake ya kisutu ya harusi. Hakuna mkono utakaougusa. Mumewe aliuliza utakaa pale mpaka lini. Nikamwambia, mpaka mwenyewe aje, na wewe usipige chafya karibu yake ukauangusha.

Nisalimie shemeji yangu Athumani, mumeo, mwambie akiona barua hii ndefu asinung'unike, avae miwani aisome yote. Mwanao Saidi, fundi baiskeli, mwambie mama yake mkubwa huku anauliza ataoa lini. Mama Tatu muuza vitumbua, ambaye najua amekaa hapo anasikiliza, nimemsalimu, na hili la macho akukumbushe kila asubuhi akikuletea vitumbua.

Ukija usibebe kitu. Usibebe korosho, usibebe muhogo, usibebe hata ukindu. Ukindu Mmafia ameniwekea, wekundu na zambarau. Njoo na mikono mitupu. Hiyo hakuna wa kukwambia uishushe chini.

Dada yako anayekungoja ngazini,
Binti Salum