Mate Yetu Katika Kichupa Kimoja

Dada Nyangeta,

Hili nilikuwa sijamwambia mtu, hata mama: kichupa chako cha mate, kule kliniki ya Bunda, nilikijaza mimi.

Siku ile mifupa ilikuwa inakuuma. Watafiti wa sikoseli, ugonjwa wako wa damu, walitaka mate ya wagonjwa na ya ndugu zao wazima. Bibi, ambaye kila asubuhi ya mtihani hututemea mate kifuani kutubariki, aliuliza tangu lini baraka ikafungwa kwenye chupa. Ukamjibu kwamba baraka yako wataikuta ina homa.

Mdomo wako ulikuwa mkavu. Ulitema na kutema, mate hayakufika hata nusu ya kimo cha mstari uliochorwa kwenye kichupa. Nesi alipoinama kuandika, ukanisukumia kichupa chini ya kanga.

"Nijazie, mdogo wangu. Kwani kwetu si tunatemeanaga tu?"

Nikajaza. Nesi akakusifu. Njiani kurudi nyumbani ulicheka mpaka tukafika Nyamuswa, huku umeshika mbavu.

Sasa niko kidato cha nne Musoma, na wewe umelala nyuma ya nyumba yetu Butiama. Mwezi uliopita, maktabani, nilisoma kuhusu DNA maikroarei. Ni kipande kidogo cha kioo chenye maelfu ya nukta, na kila nukta ina kipande cha DNA kinachojulikana. DNA ya mgonjwa hukatwakatwa, hutiwa rangi inayong'aa, kisha humwagwa juu ya kioo. Inayooana na nukta hunasa hapo, isiyooana huoshwa. Mashine husoma nukta zilizowaka. Wakilinganisha wagonjwa wengi, watafiti hutafuta kwa nini sikoseli ileile inamtesa huyu kuliko yule.

Hilo lilikuwa swali lako. Wodini uliniuliza kwa nini kijana mmoja wa kijiji cha Buswahili, mwenye ugonjwa wako, alikuwa anacheza mpira. Nilikudanganya kwamba utacheza.

Nilifunga kitabu. Kwenye kioo chako, nukta zako na zangu zinawaka pamoja, na mashine haiwezi kututenganisha. Nimelikalia jibu lako. Tangu hapo naziona nukta hizo kwenye foleni ya uji, naziona ubaoni mwalimu akiandika. Nikimeza mate, nakusikia ukisema nijazie.

Niliogopa kusema, dada, na si kwa sababu ya kugombezwa. Nikisema, watakitupa kichupa, na sijui mahali pengine ambapo mimi na wewe bado tuko pamoja. Nilikaa na hofu hiyo wiki tatu. Lakini wewe uliuliza, na wapo wengine wanaouliza hivyo sasa hivi, wodini.

Jumamosi niliomba ruhusa, nikapanda basi kwenda Bunda. Nesi ni yuleyule. Nilieleza kwa sauti ndogo mpaka akaniomba nirudie. Hakunigombeza. Aliniuliza jina lako kamili, akatafuta namba yako kwenye daftari, akaikata kwa mstari mwekundu na kuandika pembeni: mate ya watu wawili. Nilisimama pale mpaka wino ukakauka.

Kisha nikapitia nyumbani. Nilichuchumaa kwenye kaburi lako, nikatema mate kidogo juu ya udongo, kama anavyotema bibi. Nikapanda basi la Musoma.

Lala, dada.

Mdogo wako